Kwa Nini Baba wa Binti Hungoja Nje

Mmeona leo, kabla ya posa kujibiwa, baba wa binti ametoka akakaa uani peke yake. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani, katika vilima hivi vya Irindi, wazee walimuuliza baba, "Umekubali?" Akijibu, "Nimekubali," basi binti keshakuwa mke wa mtu.

Baba mmoja, Mwadime, naye alijibu hivyo. Alikuwa amemwahidi rafiki yake kwamba binti yake, Mkawasi, ataolewa na mwana wa rafiki huyo, na kurudi nyuma aliona aibu. Mkawasi akamfuata zizini, akapiga magoti.

"Baba, simtaki. Nakuomba usinipeleke."

"Utamzoea," Mwadime alisema. "Mama yako hakunizoea?"

Akapelekwa. Mara mbili alitoroka akarudi kwao, amekonda, mikono ina alama za kamba. Mara mbili baba yake akamrudisha. Mara ya tatu ilikuwa masika, mto umefurika, naye hakungoja maji yapungue. Walimpata siku ya pili, amenasa kwenye matete.

Baada ya maziko, Wakesho, mkewe Mwadime, aliketi mbele yake.

"Uliniuliza lini kama nilikuzoea?" akasema. "Sikukuzoea. Nilinyamaza tu."

Tangu hapo Mwadime hata chakula alikula ameinamisha kichwa.

Mwaka uliofuata aliposwa Mghoi, binti wa marehemu kaka yake, aliyelelewa nyumbani kwake. Wazee wakamgeukia: "Umekubali?"

Mwadime akasimama. "Msiniulize mimi. Nilishamjibia mmoja, nikamzika. Mwulizeni mwenyewe." Akatoka, asije akamtisha msichana hata kwa macho, akakaa mvuani.

Mghoi alikaa kimya muda mrefu. Mzee mmoja akasema, "Amenyamaza, basi amekubali."

"Hajasema kitu," Wakesho akamkatiza. "Ngojeni."

Wakangoja.

"Sitaki," Mghoi akasema.

Wageni wakala, wakaaga, wakaenda zao. Kule nje Mwadime alilisikia neno hilo, akajifunika uso kwa shuka, akalia kwa sauti mbele ya watu.

Na tangu siku hiyo, katika vilima hivi, baba hutoka nje, na binti hujibu kwa kinywa chake. Akinyamaza, hungojwa. Akikubali, hupigiwa vigelegele. Na akikataa, hakuna anayemuuliza kwa nini.