Barabara ya Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majembe na vyungu kama sisi, Bi Nguchiro aliishi na watoto wake kando ya mto Lumbeya. Mto ule ndio uliowapangia maisha. Ukifurika, wote walipanda kilimani wakapiga ngoma. Ukipungua, walishuka kugawana upya tope uliloliacha, maana mipaka ya jana ilikuwa imezolewa. Hata harusi zilingoja maji yashuke.

Mwaka mmoja Mzee Kiboko alikataa mambo ya kugawana. Alijibwaga katikati ya mashamba, puu!

"Kuanzia leo, mashariki ya mto ni kwangu," alisema. "Nyinyi hamieni magharibi. Atakayebisha nitamkanyaga."

Magharibi kulikuwa na mawe na miiba mitupu. Bi Nguchiro aliwatazama watoto wake, moyo ukamwuma. Mtama gani utaota juu ya jiwe?

Sasa, mama huyu alikuwa mdadisi, haoni tundu asichungulie. Nyuma ya mashamba, huko huko mashariki, chini ya kilima, palikuwa na bonde jembamba, kavu kabisa. Humo alikuwa akiokota magamba ya konokono wa mtoni, na jambo hilo lilimnyima raha.

"Jirani," alimwuliza Kobe, "hawa konokono walifuata nini huku kukavu?"

"Labda walipotea njia."

"Wote hawa? Hapana. Hawakuja wao. Mto ndio ulikuwa unapita hapa."

Kobe alinyoosha shingo akatazama. "Basi kwa nini uliondoka?"

"Hilo silijui. Ninachotaka kujua ni kama unaweza kurudi."

Kesho yake alikwenda kwa Kiboko, mpole kama mkwe mgeni.

"Shikamoo, Mzee. Tumekubali kuhama. Ila apa mbele ya Kobe, mtu asije akakusumbua baadaye."

Kiboko hakusita. "Mashariki ya Lumbeya ni yangu, magharibi ni ya hawa wadogo, milele!"

"Hongera. Lakini mtu mwenye ardhi kubwa hivi, mbona huna barabara yako? Tembo anayo."

"Tembo?" Kiboko alikunja uso. "Yangu ipite wapi?"

"Pale bondeni. Ianzie kwenye kona ya juu ya mto, itokee kona ya chini. Pita kila jioni, wajue mkubwa anapita."

Kiboko akavimba kichwa. Kila jioni alipita, gubu! gubu! gubu!, tumbo likiburuta udongo, hata barabara ikawa mtaro. Huko miibani majirani walimnunia Bi Nguchiro, wakasema amewauza. Yeye alikwenda kuchungulia mtaro kila asubuhi. Aliogopa pia, kwa sababu mto hauna bwana, na huenda usirudi.

Mvua zikashuka. Lumbeya ukavimba, ukafika kona ya juu, ukakuta mlango wazi. Shaaaa! Ukaingia barabara ya Mzee Kiboko wote mzima.

Maji yaliposhuka, mto ulikuwa unapita chini ya kilima. Mashamba yote, na tope lake jipya jeusi, yalikuwa magharibi.

"Mto umeniibia!" alinguruma Kiboko.

"Uliapa mwenyewe," alisema Kobe. "Mashariki ni yako." Na mashariki kilikuwa kimebaki kilima cha kokoto.

"Nani aliuonyesha mto njia ile?"

"Wewe, Mzee," alijibu Bi Nguchiro. "Kila jioni."

Kiboko alitamani kukanyaga mtu. Lakini mkewe alikuwa amesimama pale pale, na nyumbani kwao kiapo hakichezewi. Akashusha sauti.

"Sasa watoto wangu watakula nini?"

Swali hilo Bi Nguchiro alilijua vizuri, maana lilikuwa limemkosesha usingizi.

"Futa kiapo, Mzee, uje upimiwe kama wenzako. Mto ukifurika tena, tutagawana tena."

Kiboko akafuta kiapo mbele ya wote. Kisha akaenda taratibu, akasimama nyuma ya Kobe, akangoja zamu yake.

Hadithi imefika ukingoni, wanangu, na funzo lake ni hili: anayekula kwa mkono wa mto asidai ardhi ya milele.