Mtamba wa Nakunda

Hapo zamani, enyi mnaonisikiliza, milimani Upare aliishi mjane aitwaye Nakunda. Tangu mumewe afariki, hofu ilimkaa kifuani. Aliogopa kutoka, aliogopa kuchekwa, aliogopa hata kijilima cha kwenda kisimani. Akajifungia ndani na maandazi na chai ya sukari nyingi. Mwili ukamlemea, pumzi ikawa fupi, na kadiri pumzi ilivyopungua ndivyo hofu ilivyozidi.

Asubuhi moja mama mkwe wake, Bibi Namcheja, akaingia bila hodi.

"Mwanangu, natoka kwa mganga. Amesema usipofika ndivani kwa miguu yako kabla ya masika, masika hayo yatakuzika."

Ndiva ni bwawa la maji ya mashamba, nalo lilikuwa juu kabisa mlimani. Tangu siku hiyo, kila moyo ulipomwenda mbio Nakunda alidhani saa yake imefika.

Wifi yake, Naetwe, akahamia jikoni kwake. Akaficha sukari, akamwaga mafuta. Akapika kunde, mchicha, maboga, na ugali wa mtama wa kiasi. Nakunda akamtukana, akamrushia bakuli. Naetwe akaliokota, akapakua tena.

Jirani yake, Senzota, mkata majani ya ng'ombe, akawa anamwita kila alfajiri. "Shemeji, leo hadi mfenesini tu." Wakafika mfenesini. "Shemeji, leo hadi kwenye jiwe." Wakafika kwenye jiwe. "Leo hadi korongoni." Hapo Nakunda akaganda. Njia ilikuwa nyembamba, huku mwamba, huku shimo lisiloonekana mwisho. Siku tisa waliishia hapo hapo. Senzota hakumvuta wala hakumkemea. Aliketi chini akamngoja. Siku ya kumi Nakunda akavuka, kwa kutambaa.

Wiki moja kabla ya masika akafika ndivani. Akakaa ukingoni akalia, maana alikuwa hai.

Masika yakaja. Mvua ikanyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya nne ilikuwa ya gulio, na wenye nguvu wote walikuwa wameshuka sokoni bondeni. Nakunda, akiwa mlangoni, akaona maji ya tope yakichuruzika kutoka juu. Ukingo wa ndiva ulikuwa unapasuka, na chini yake zilikuwa nyumba zote za kijiji, zenye wazee na watoto.

"Mama, naogopa," akamwambia Bibi Namcheja.

"Hata mimi naogopa, mwanangu."

Akapanda. Korongoni maji yalimpiga vifundoni, mawe yakiporomoka nyuma yake, na hapakuwa na wa kumngoja. Akavuka. Ndivani ukingo ulikuwa umefanya ufa unaoingia mkono. Akajitosa hadi kifuani, akalishika gogo lililoziba mfereji, akavuta. Likagoma. Akavuta tena, likagoma. Mara ya tatu likang'oka, na maji yakakimbilia mfereji wa pembeni, mbali na nyumba.

Wanakijiji wakamletea zawadi ya mtamba mweupe, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Nakunda akakataa. "Nilivyokuwa, nisingefika hata kisimani. Apewe aliyenifikisha."

Naetwe akasema, "Ni mimi. Nilimwondolea mzigo mwilini, malipo yangu yakawa matusi na bakuli."

Senzota akasema, "Kunde hazimvushi mtu korongo. Siku tisa niliketi na hofu yake, ng'ombe wangu wakikosa majani."

Bibi Namcheja akasema, "Ninyi mlimkuta ameshaamka. Nani alimwamsha? Sikwenda kwa mganga yeyote. Nilitunga. Nilimwona anakufa polepole, nikamtia hofu iliyoshinda ile aliyokuwa nayo."

Nakunda akashika kamba ya mtamba, akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama, ulijua kwamba nilikwisha kushona sanda yangu?"

"Nilijua. Nilikusikia ukiishona."

Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Na mikono iliyong'oa gogo ilikuwa ya nani?"

Nakunda akasimama pale, kamba ya mtamba mkononi, asijue ampe nani. Basi semeni ninyi: kuna aliyemlisha, kuna aliyemngoja, kuna aliyemtisha kwa uongo, na kuna yeye mwenyewe aliyepanda huku anaogopa. Je, mtamba ni wa nani?