Nyani Aliyechoma Nyasi za Mama Ngiri

Paukwa?
Pakawa.
Jua limekwenda wapi?
Limekwenda kuita mvua.
Na mvivu je?
Yumo kivulini, anangoja uji.

Basi sikilizeni. Hapo zamani za kale, kiangazi kikielekea mwisho, palikuwa na Mama Ngiri na watoto wake. Walikaa shimoni, chini ya mteremko. Mumewe aliaga kwenda kutafuta malisho masika yalipokwisha, na mpaka leo anatafuta.

Jua la mwaka ule liliunguza kila kitu. Bustani ya mchicha na kunde ilipasuka nyufa. Ukoka wa mbele ya nyumba, ule unaoshika udongo usiporomokee shimoni, uligeuka rangi ya majivu. Mama Ngiri akaona mawingu yanaanza kukusanyika, akajua vuli i karibu. Maji yakikuta ardhi tupu, tope litawafukia watoto wake humo ndani.

Akaanza kazi. Akatifua udongo. Akatia samadi. Akakata nyasi kavu za kutandaza juu ya matuta na mbele ya mlango, ili mvua ipige nyasi, isipige ardhi.

Jirani yake, ng'ambo ya mteremko, alikuwa Nyani. Uwanja wa Nyani ulifagiliwa kila asubuhi, hauna jani wala unyasi, na takataka zote zikachomwa. Mkewe ndiye aliyefagia. Nyani ndiye aliyesifiwa.

Siku ya kwanza Nyani akaja, akabisha hodi, akakaa kivulini. Mgeni hapewi maneno matupu, basi Mama Ngiri akaacha kazi, akampikia uji. Nyani akanywa. Alipoombwa asaidie kubeba samadi, akasema mgongo umemshika.

Siku ya pili akaja tena, akabisha hodi, akakaa kivulini. Mama Ngiri akaacha kazi, akampikia uji. Alipoombwa asaidie kukata nyasi, akasema mkono umeteguka. Uji aliunywa kwa mkono huohuo.

Siku ya tatu Mama Ngiri alikwenda mtoni kuchota maji. Aliporudi akaona moshi. Nyasi zake zote zinawaka, na moto umekwisha kula ukoka hadi mlangoni. Watoto wanakohoa ndani. Nyani kasimama pembeni, kijinga cha moto mkononi.

"Nimekusaidia usafi, shemeji," akasema. "Takataka zile zingekuletea nyoka. Uji upo?"

Mama Ngiri akampita mbio. Akamwaga maji ya mtungi juu ya moto. Akawatoa watoto mmoja mmoja, akawafuta macho. Hasira ilimtokota kifuani kama maharage, lakini aliyechoka kama yeye hana hasira ya kumwaga ovyo. Aliitia kazini.

Akaenda kwa Nyani. Akaburuta nyasi za malalo yake. Akarudi, akaburuta nyasi za paa la ghala lake. Akarudi mara ya tatu, akabeba hata mkeka wake. Mke wa Nyani alikuwa mlangoni na fagio. Alimtazama, kisha akampisha.

Nyani akamfuata nyuma akilalama, akawaita wanyama wote waje waone wizi. Mama Ngiri anatandaza tu. Alipomaliza ndipo akageuka.

"Umechoma zangu bila kuniuliza, nami nimetandaza zako bila kukuuliza. Kama ni wizi, tumeibiana. Kama ni msaada, tumesaidiana. Chagua."

Wanyama wakacheka. Nyani akanuna, akasema mvua yenyewe haina hata dalili.

Alasiri ileile vuli ikashuka. Matuta ya Mama Ngiri yakanywa maji polepole. Kwa Nyani maji yalikuta uwanja mtupu, yakauzoa, yakaangusha ghala, yakaingia nyumbani.

Nyani akaja na mke na watoto, wamelowa, akabisha hodi. Mama Ngiri akawapisha mke na wadogo wote. Nyani naye akainama apite. Mama Ngiri akaweka jembe katikati ya mlango.

Nyani akaanza kueleza habari za mgongo.

"Mgongo nimeshausikia," akasema Mama Ngiri. "Ulipochoma ukoka ndipo maji yanapotafuta njia. Chimba mfereji. Wanao wamo humu pamoja na wangu."

Nyani akachungulia ndani, akaona watoto wake wanamtazama. Akashika jembe. Akachimba, mvua inampiga mgongo, na mgongo haukuvunjika. Mama Ngiri akachimba upande wa pili kwa pembe zake. Maji yakapita kando. Watoto wakalala pakavu.

Asubuhi Nyani akakaa akingoja kushukuriwa. Mama Ngiri akampa mbegu za kunde, akamwonyesha tuta lilipo.

Funzo, wenzangu, ni hili. Ardhi huandaliwa jua likingali linawaka, kwa kuwa mvua haisikilizi udhuru wa mtu. Na wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema umpe ukiwa unacheka.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Nyani.