Mtamba wa Nyasi za Fagio

Kabla sijawapa fumbo hili, ndugu zangu, niungame. Nyasi za fagio za mlima wetu nilizimaliza mimi, Senkoro. Wazee wetu walizikata kwa mundu. Mimi nikaanza kuzing'oa na mizizi, maana shina la chini hutoa mpini mnene na wanunuzi huupenda. Wengine wakaniiga. Mwaka wa tatu mteremko ulikuwa mwekundu mtupu, na mvua ikashusha udongo hadi mlangoni mwa kanisa. Nikawa naukanyaga nikienda kusali. Mungu anisamehe.

Waliozirudisha nyasi ni watu watatu.

Nakijwa, mjane, alikuwa na moyo wa kutoa. Ukutani kwake lilining'inia fagio la mama yake, aliyekuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Hakuwahi kulifagilia, ndicho kitu pekee alichoachiwa. Alilishusha, akaikata kamba aliyoifunga mama kwa mkono wake, akapukuta vichwa vya nyasi juu ya kanga. Zikadondoka mbegu, hazikujaa kiganja.

Mbazi, jirani yake, alikuwa na mgongo wa kazi. Alijenga kingo za mawe, akapanda zile mbegu mojamoja, kisha miezi minane akafukuza mbuzi. "Mbazi, hao mbuzi sasa wanakuamkia," tulimtania. Hakucheka. Mwaka huo shamba lake la mahindi liligeuka pori.

Naetwe alikuwa na ukaidi. Nyasi zilipofika kiunoni, sote tulipanda mlimani na mundu. Tukamkuta ameketi katikati ya njia.

"Hazijamwaga mbegu," alisema. "Tukikata leo, hatutakata tena."

"Dada, wewe umepanda ngapi?" kaka yake akamuuliza.

"Hata moja."

"Basi tupishe."

Hakupisha. Alikaa pale siku kumi na moja, juani, akitukanwa na kila aliyepita, nami nikiwamo, hadi upepo ulipozipukuta mbegu. Msimu uliofuata mteremko wote ulifunikwa.

Kwa mavuno hayo kijiji kilinunua mtamba mmoja wa ng'ombe mwenye mimba, awe zawadi ya aliyerudisha nyasi.

"Bila mbegu mngepanda nini?" akauliza Nakijwa.

"Mbegu zile kuku mmoja angezimaliza asubuhi moja," akasema Mbazi.

"Na nyinyi mngezimaliza kwa mundu," akasema Naetwe.

Hakuna aliyesema uongo. Mwenyekiti akanigeukia. "Mzee Senkoro, hapa wewe peke yako huna cha kudai. Amua."

Tangu siku hiyo mtamba amefungwa kwangu. Watatu wale, waliokuwa wakiombana chumvi, sasa wanapishana bila salamu, na kanisani kila mmoja ana benchi lake. Nimefunga, nimeomba, sijaonyeshwa. Nikitaka kumpa Nakijwa, naona mahindi ya Mbazi yaliyomezwa na magugu. Nikitaka kumpa Mbazi, namwona Naetwe pale njiani, na matusi yangu nayasikia. Nikimgeukia Naetwe, naikumbuka kamba ya marehemu iliyokatwa.

Nyasi niliziharibu kwa mikono hii. Naogopa kuwaharibu na watu.

Mtamba amekaribia kuzaa. Ungekuwa wewe, kamba yake ungeiweka mkononi mwa nani? Nakuomba uniambie, na uniambie sababu yako, nikawaeleze.