Msahafu wa Mahari na Kasha la Kamera

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, bali hii zamani ya karibu ambapo simu zilikuwa bado hazijajifunza kupiga picha za maana, alikuwako mwanamke kisiwani Pemba, jina lake Bi. Raya binti Shaame. Sikilizeni taratibu. Kisa chake hakina haraka.

Mume wake, Kombo Faki, alikuwa mzamiaji. Yeye na mwenzake Kheri walikuwa wakishuka na mitungi ya hewa kukagua kamba za maboya yanayofungiwa boti za watalii. Siku moja walishuka wawili kwenye meli kuukuu iliyozama, kina cha mita thelathini na mbili. Akapanda mmoja. Kheri alieleza kwamba hewa ilimpungukia, Kombo akamwashiria apande, naye akapanda. Kombo akabaki kukata kamba ya boya iliyojisokota. Hakuonekana tena. Walimtafuta siku nne, mkondo ukawashinda.

Mwezi ulipopita, Kheri alishuka tena peke yake, akarudi na kusema amemwona Kombo, amebanwa na chuma cha meli, hatoleki. Bi. Raya akaenda kwa kadhi. Kadhi alimsikiliza kwa upole, kisha akasema jicho moja halitoshi, tena jicho lenyewe ni la mtu aliyekuwa naye siku ile. Wapatikane mashahidi wawili, au kiletwe kitu ambacho yeye kadhi atakiona mwenyewe. Bila hivyo Kombo ni mtu aliyepotea, na mke wa aliyepotea hungoja.

Kungoja kwenyewe ni kwa miaka. Bi. Raya hakuwa na haja ya kuolewa. Alitaka mume wake asaliwe, asomewe hitima, na yeye aweze kusema "marehemu" bila watu kumkodolea macho. Kila akinyanyua mikono kuomba dua alikwama. Amwombee arudi, au amwombee asamehewe? Hilo lilimchosha kuliko kilio.

Alfajiri moja, akiwa bado juu ya msala, akaweka nadhiri. "Ya Rabi, atakayenionesha mume wangu alipo, nitampa msahafu wangu wa mahari."

Msahafu huo uliandikwa kwa mkono na babu yake Kombo, na Kombo alimpa Bi. Raya siku ya ndoa. Ulikuwa mali yake, haukuwa wa urithi. Aliyasema maneno yale kwa sauti ndogo, lakini kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na upande wa pili alilala Mboja, mke mwenza. Kabla ya chai, mtaa mzima ulikuwa umeshaipata habari.

Wa kwanza kuja alikuwa Mwalimu Mbarouk, kaka mkubwa wa Kombo, mwalimu mstaafu. Akasema kama kadhi anataka kuona, basi kinachotakiwa ni kamera ya kushuka chini. Bi. Raya akasema haya.

Wakapanda meli mpaka Unguja, kwenye duka la mtu aliyeuza vyombo vilivyoachwa na wazamiaji wageni. Mwenye duka akawawekea kamera tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye picha za kupendeza, lakini haikuwa na kasha la kuizuilia maji. Ya pili ilikuwa ya rangi ya machungwa, yenyewe haiogopi maji, akaisifu sana. Mwalimu akavaa miwani, akasoma maandishi madogo ubavuni, akasema hii mwisho wake mita kumi. Ya tatu ilikuwa kamera ndogo ya dijiti, kuukuu, imekwaruzika kila upande, lakini ilikuwa na kasha lake la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa ajili yake tu, la kushuka mita arubaini.

Mwalimu akalichukua kasha kwanza, kamera akaiacha mezani. Kisha akaitia kamera ndani, akabonyeza kitufe kimoja kimoja kuona kama kila kimoja kinakifikia cha kamera. Akauliza kama mwanga wa kamera unapita au unazibwa na kasha. Akauliza kama mtu mwenye glavu anaweza kuiwasha. Bi. Raya alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imemvimba kwa safari.

"Mwalimu," mwenye duka akasema, "unanunua kamera au unaoa?"

"Kuoa nilioa haraka," Mwalimu akamjibu. "Ndiyo maana hapa nakwenda polepole."

Akachukua ile iliyokwaruzika, akalipa kwa fedha za kiinua mgongo chake.

Walipofika nyumbani, Mwalimu alieleza kwamba roho ya kasha ni pete ya mpira iliyo kwenye ukingo wake. Ndiyo inayozuia maji, na hupakwa mafuta yake maalumu, kidogo sana. Lakini kijibomba cha mafuta kilichokuja na kasha kilikuwa kimekauka. Jioni ile Bi. Raya akatoa mafuta ya nazi aliyoyasomea Yasini, akachovya pamba, akaipaka pete yote huku akimtaja Kombo. Hakumwambia mtu, ila kuta zilikuwa zile zile nyembamba.

Kheri alikuwa na desturi ya wazamiaji. Kasha hushuka peke yake kwanza, bila kamera, ndani yake jiwe na karatasi laini. Akashuka nalo. Alipopanda, karatasi ilikuwa imelowa chapa. Kheri akasema plastiki imezeeka. Mwalimu akasema ametapeliwa. Kasha likawekwa juu ya kabati wiki nzima, na Bi. Raya akarudi kwenye dua yake isiyo na mwisho.

Aliyelishusha kabatini alikuwa Mboja. Mboja alikuwa mshona kofia, za mkono, zile za vitobo, na jicho lake lilikuwa limezoea uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Akakaa mlangoni kwenye mwanga, akaizungusha ile pete vidoleni, akasimama. Akaja kwa Bi. Raya na sindano. Kwenye ncha yake palikuwa na unyuzi mmoja wa pamba, mwembamba kuliko unywele.

"Bi mkubwa," akasema, "mume tumegawana, lakini huu unyuzi ni wako peke yako."

Bi. Raya akautazama. Dua yake yote, Yasini yake yote, na njia ya maji ilikuwa pale. Aliona haya mpaka akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba usiokuwa na jina. Mboja akaiosha pete kwa sabuni, akatuma yakaombwe mafuta yanayofaa kwa wazamiaji wa hotelini, akaipaka kwa kidole kitupu. Karatasi ikashuka mara tatu, ikapanda kavu mara tatu.

Kisha Kheri akashuka na kamera. Hakuna aliyekubali kushuka naye, wala yeye hakuwalaumu. Akapiga picha kumi na moja. Tisa zilikuwa tope tupu. Mbili zilionekana. Chini ya boriti ya chuma ulionekana mkanda wa uzito, ule unaomzamisha mzamiaji, na mkanda ule haukuhitaji kuelezwa. Wazamiaji wote hununua risasi za mraba za kutia kwenye mkanda. Kombo aliyeyusha zake mwenyewe, akazimimina kwenye vifuu vya nazi, zikatoka duara kama maandazi, na wenzake walimcheka miaka yote. Mkanda ule ulikuwa umezunguka kile kilichobaki. Kheri alilala siku mbili, viwiko vinamuuma kwa kupanda haraka.

Kadhi akaziangalia picha mbili muda mrefu. Akamwapisha Kheri. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kisha akawaambia wale wanawake wawili kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya mauti, na miezi mitano imeshapita, kwa hivyo yao imekwisha.

"Kumbe nilikuwa edani," Bi. Raya akasema, "na nilikuwa nakwenda sokoni."

"Hukujua," kadhi akasema. "Mola hakuhesabii usilolijua."

Bi. Raya akamuuliza pia juu ya nadhiri. Kadhi akamwambia nadhiri ni deni la Mungu, lazima itimizwe kwa yule aliyekusudiwa. Lakini ni nani, hilo atalijua mwenye kusema maneno.

Siku ya kuamkia hitima, Bi. Raya akawaita wote watatu. Msahafu ulikuwa mapajani mwake, ndani ya kitambaa cha kijani. Hakutaka kuketi kwenye hitima ya mume wake na deni shingoni.

Mwalimu akaanza. "Shemegi, usidhani nautaka kwa kuwa ni wa babu yangu. Ningemsikiliza mwenye duka, ungekuja na kamera nzuri ikapasuka mita kumi. Picha ile ilipatikana siku niliyochagua kasha."

"Kasha lako lilivuja, Mwalimu," Mboja akasema.

"Lilivujishwa."

"Na nani aliona? Wewe ulisema umetapeliwa. Huyu akasema limezeeka. Mlikuwa mmeshakata tamaa nyote. Tena mimi nimefiwa na mume yule yule. Mahari yangu mimi ilikuwa kitanda."

Kheri alikuwa akijikanda kiwiko. Akasema polepole, kwamba Mwalimu alichagua akiwa dukani, na Bi. Mboja aliona akiwa mlangoni, lakini mahali alipo Kombo pamefikwa na mtu mmoja tu, mara mbili, na mara ya kwanza hakuhitaji kamera.

"Ulimwacha," Mboja akamwambia. "Desturi yenu ni kushuka wawili na kupanda wawili. Kwenda kwako kulikuwa kulipa."

"Aliniashiria nipande."

"Nani aliyeona?"

"Hakuna," Kheri akasema. "Ndiyo maana nilirudi."

Bi. Raya aliwatazama mmoja mmoja. Akimpa Mwalimu, kitabu kitarudi kwenye ukoo kilikotoka, kama vile hakikuwahi kuwa chake. Akimpa Mboja, atakisikia kikisomwa kila alfajiri nyuma ya ukuta, na mke mwenza atakuwa na mahari mbili. Akimpa Kheri, huenda amemlipa aliyemrejesha mume wake, na huenda amemlipa aliyemwacha. Watatu wote walikuwa wamesema kweli, na kweli zao zilimwelemea kuliko msahafu wenyewe. Akafungua kitambaa, akafunga tena. Akasema atakwenda kutia udhu kwanza.

Watatu wamekaa wanamngoja, na kesho wasomaji watajaa barazani. Haya, nyinyi mliosikia tangu mwanzo, rudini kwenye maneno yake mwenyewe juu ya msala, mumjibu kabla hajarudi na maji mikononi. Aliyemwonesha Bi. Raya mume wake ni nani, aliyechagua, aliyeuona unyuzi, au aliyeshuka?