Pengo la Daftari Lina Mbuzi Wake

"Pengo la daftari lina mbuzi wake." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, sasa mnataka kujua alikoitoa. Methali hii ilianza hivi, na nilikuwepo, maana daftari lenyewe nililishika mimi.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na mbuzi ishirini wa maziwa. Kila mmoja alipewa wake amtunze, na aliyevunja sharti alinyang'anywa. Akaja mtaalamu wa mifugo, binti mpole aitwaye Hilda, na chakula kipya cha mashudu. Alitaka kujua kama kinaongeza maziwa. Basi wiki nane, kila Jumamosi asubuhi, mbuzi wale wale walikamuliwa, maziwa yakapimwa kwa jagi, nami nikaandika. Sharti lilikuwa moja: mbuzi ale mashudu mpaka mwisho.

Jirani yangu Gaudensia aliyaacha wiki ya sita. Mbuzi wake aliharisha mpaka akakauka maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake mchanga aliyefiwa na mama.

Wiki nane zilipotimia, Hilda akaja mkutanoni na kompyuta yake na karatasi aliyochapa.

"Programu ya takwimu imemlinganisha kila mbuzi na yeye mwenyewe, wiki kwa wiki," akasema. "Tazameni mstari huu wa wiki. Una nyota. Maana yake maziwa yameongezeka kweli, si bahati tu."

Tukapiga vigelegele. Mwenyekiti wetu, Mama Perpetua, akamgeukia Gaudensia.

"Umesikia, dada? Nyota hiyo! Wewe ukajifanya daktari. Kesho ulete mbuzi."

"Mwenyekiti, alikauka kabisa."

"Alikauka, au ulimkausha kwa uvivu?"

Watu wakacheka. Gaudensia akaipokea karatasi, akaigeuza huku na huku, akamrudishia Hilda.

"Binti yangu, mimi kusoma nababaisha. Nionyeshe wangu yuko wapi humu."

Kidole cha Hilda kikatafuta chini, kikapanda hadi juu kabisa, kwenye maandishi madogo. "Mbuzi waliochambuliwa, kumi na tatu," akasoma. Akainua macho. "Mama zangu, si walikuwa ishirini?"

"Ishirini," tukajibu.

"Hao saba wamehamia mjini?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

Hilda akafungua daftari langu. "Mama, huyu wa Gaudensia tangu wiki ya tano hukumwandikia kitu. Hukumpima?"

Kwetu mnyama akikosa maziwa hatumtajii wala kumwandikia sifuri, tusije tukalifunga titi lake. Unaacha nafasi, na kila mtu anaelewa. Ningeweza kusema nilisahau. Nikamtazama Gaudensia.

"Nilipima," nikasema. "Jagi lilikuwa tupu."

Hilda akashika kichwa. "Kompyuta haielewi hivyo. Ikikuta wiki moja haina kitu, inadhani mbuzi hakupimwa, inamtoa yeye na wiki zake zote. Na mimi nilisoma nyota, sikusoma idadi. Kumbe waliokauka wote wametoka, tumewasikiliza walioshiba tu. Niambieni, mapengo yote ni sifuri?"

Hakuna aliyetaka kulitamka neno hilo juu ya mbuzi wake. Tulitazama chini, hata mwenyekiti.

"Wangu mwandike sifuri," akasema Gaudensia. "Ameshakauka, huyo atakaushwa na nini tena?"

Kicheko kikatutoka bila kupenda. Mwingine akasema, "Na wangu." Mmoja mmoja, wakafika saba. Wa saba alikuwa Perpetua.

Hilda akaziandika sifuri zile, akabonyeza, akasubiri. Nyota ilikuwa imetoweka.

"Wengine wamepanda, wengine wameanguka," akasema. "Siwezi kusimama mbele yenu niseme mashudu yanafaa."

Perpetua akamwambia Gaudensia kwa sauti ya chini, "Nenda nyumbani, mwenzangu. Kamtunze, mtoto apate maziwa tena. Mbuzi ni wako."

Tangu siku ile kila mkutano uliposema "sote tumekubali," Perpetua hakufunga kikao. Alizungusha macho, akamtafuta aliyenyamaza, akamwambia, "Sema na wewe. Pengo la daftari lina mbuzi wake."