Sauti ya Mize Ndani ya Kiputo

Paukwa!

Pakawa!

Na utambi?

Uwake!

Na masikio?

Yako wazi!

Basi, hapo kale palikuwa na mji ukiitwa Kiooni, na kazi ya watu wake ilikuwa kutengeneza shanga. Waliyeyusha vijiti vya kioo juu ya moto wa taa, wakakizungusha kile kioo kilichoyeyuka kwenye sindano ndefu ya chuma. Sindano yenyewe ilipakwa udongo kwanza, ili kioo kisigande. Ushanga ukishapoa ndani ya majivu ya moto, sindano inachomolewa, tundu linabaki. Mnaona lile tundu linavyopatikana? Halitobolewi.

Na kila fundi, kabla hajaitia sindano motoni, aliitemea mate kidogo ya baraka, akasema, "Heri." Bibi zao walifanya hivyo, na bibi wa bibi zao. Nani angeuliza?

Shanga za Kiooni zilikuwa nzuri, ila zote zilikuwa na viputo vya hewa ndani. Wenyewe walisema kioo nacho hupumua, wakaridhika. Zile zilizozidi viputo walizitupa jaani.

Sasa jaani kulikuwa na zimwi. Zimwi hilo halikuwa na sauti yake. Lilikuwa likiokota shanga mbovu, likitafuta kiputo kilichonasa pumzi ya mtu, kisha linasema kwa sauti ya mtu huyo mpaka ichakae. Ovyo kabisa, zimwi lile.

Siku moja msichana mmoja, Mize, alitupa ushanga wake jaani. Kesho yake aliamka, akafungua kinywa amwamkie dada yake Kidawa. Kimya. Akajaribu tena. Kimya. Akajaribu tena. Kimya, na machozi juu yake.

Kidawa alipotoka nje alisikia mtu akiimba jaani, na sauti ilikuwa ya Mize. Kidawa alikuwa mtu wa kutaka kujua, hata akiogopa. Akaenda.

Akalikuta zimwi limekaa juu ya magae, ushanga wa Mize shingoni. Likamwambia kwa ile sauti tamu ya mdogo wake:

"Niletee ushanga usio na kiputo hata kimoja, nikupe huu. Ukiwa na kiputo, na sauti yako naichukua. Na ufanye upesi, binti. Mwezi ukiandama, sauti hii haitoki tena."

Likacheka, kwa kuwa lilijua ushanga wa namna hiyo haujapata kuonekana Kiooni.

Basi Kidawa akaketi mbele ya taa, Mize akashika kiriba cha kupulizia moto. Kidawa akatengeneza ushanga, akauinua kwenye mwanga. Viputo tele! Akajiuliza, "Hewa hii imeingilia mlango gani?"

Akakitazama kijiti cha kioo. Kilikuwa na vumbi, na alama za vidole vya mafuta, maana walikuwa wametoka kula mandazi. Akaviosha vijiti vyote, akavikausha kwa kitambaa safi. Ule ushanga mbovu akausaga kwa jiwe ukawa unga, zimwi lisipate cha kuokota.

Akatengeneza wa pili. Viputo vilipungua, lakini vipo. "Hewa hii imeingilia mlango gani?"

Safari hii akautazama moto. Kumbe alikuwa akikiingiza kioo ndani kabisa, karibu na utambi, kikachemka kama uji uliosahauliwa jikoni. Akakisogeza kwenye ncha ya moto, kikayeyuka polepole. Akaliacha tone likusanyike likawa duara, ndipo akalilaza juu ya sindano, akilizungusha bila kuacha mwanya na bila kulikunja, kwa kuwa aliona kila mkunjo unafumba hewa ndani yake. Kazi ya subira ile. Mkono ulimuuma, akaendelea kuzungusha.

Akauinua wa tatu. Ulikuwa safi kama maji ya mtungi! Ila chini kabisa, penye tundu, kiputo kimoja. Akarudia, kikaja palepale. Akarudia tena, palepale. Kidawa akalia kwa hasira, maana mwezi ulikuwa unaandama jioni ileile. "Hewa hii imeingilia mlango gani?"

Mize akaacha kiriba. Akamgusa dada yake mdomoni, kisha akaigusa sindano.

Kidawa akashtuka. Mate! Udongo ulikuwa umelowa mate, moto ukiugusa mvuke unatoka, na mvuke hauna pa kwenda ila ndani ya kioo. Na katika mvuke ule ndimo ilimokuwa pumzi ya mtu, na neno lake.

Hapo akasita. Kufanya ushanga bila baraka? Bibi angesema nini? Akamtazama Mize, akaona midomo yake inatikisika bila sauti, na kusita kukamwishia. Akapaka sindano nyingine udongo, akaianika kando ya moto mpaka ikakauka kau. Akageuza uso pembeni, akasema, "Heri," mbali na sindano. Kisha akafanya kazi.

Ushanga ukatoka bila kiputo, akaukimbiza jaani.

Zimwi likaupokea, likaugeuza, likauchungulia. Likatafuta juu, likatafuta chini, likatafuta penye tundu. Hola. Likauvua ushanga wa Mize kwa shingo upande, likamtupia.

"Upasue tu," likasema, "sauti itatoka."

Kidawa akataka kujua tena. "Kioo kikipasuka vipande, na sauti inatoka vipande?"

Zimwi likaangalia pembeni. Kidawa akapata jibu lake, akakimbia nyumbani.

Jua lilikuwa linazama. Akauchomeka ushanga kwenye sindano kavu, akaupasha taratibu kwenye ncha ya moto, Mize mkono wake kando ya taa. Kioo kikalainika. Kiputo kikapanda kidogo kidogo mpaka juu, kikavimba. Kidawa akashika pumzi, akakidunga kwa sindano nyembamba.

Pwa!

"Dada," akasema Mize, "unaniunguza mkono."

Kidawa akacheka na kulia kwa pamoja, taa akaisukuma huko.

Na kule jaani zimwi lilikuwa bado linajisifu kwa sauti ya Mize. Neno likakatika katikati ya kinywa, na lingine halikuja. Tangu siku ile watu wa Kiooni wanasema heri wakiwa wamegeuza uso, na zimwi linaokota shanga, linachungulia, linatupa.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyebaki na swali aniulize kesho. Funzo lake ni hili: jambo likikuharibikia, uliza limeingilia wapi, na hata ulilofundishwa na wanaokupenda, liulize pia.